Kujaza risasi upya: maswali ya wanaoanza

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtu mpya anapokaa mbele ya mashine. Humu hutakuta kipimo hata kimoja cha baruti. Vipimo vinakaa kwenye vitabu vya watengenezaji, na huko mbele utaona kwa nini ndiko vinakopaswa kubaki. Ukiwa na haraka na unataka kusoma jibu moja tu, soma lile la baruti maradufu.

Ni nini hasa kinachojazwa upya?

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Kinachobaki ni ganda, na ganda la shaba ya njano linaweza kutumika tena mara kadhaa. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kulisafisha, kulirudisha kwenye umbo lake kwa kalibu (kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye mashine na kulibana ganda), kuweka fataki mpya, kupima baruti na kukalisha kichwa kipya.

Maganda ya chuma na ya aluminiamu yaache. Risasi ndogo kama .22 LR, ambazo dawa ya kuwasha imo ndani ya ukingo wa kitako na hazina fataki ya kung'oa, nazo ziache.

Sheria inaruhusu?

Kuna nchi ambako ni jambo la kawaida, kuna nchi zinazodai kibali cha pekee, na kuna zinazokataza kabisa. Usidhani leseni ya bunduki inatosha: mara nyingi baruti na fataki zina kanuni zake, pamoja na kiasi unachoweza kuweka nyumbani na namna ya kukihifadhi. Uliza mamlaka inayotoa leseni kabla hujanunua hata boksi moja la fataki. Uliza pia kuhusu kumpa mtu mwingine au kumuuzia, maana hapo ndipo watu wengi wema hujikuta wamevunja sheria.

Nitaokoa pesa?

Pengine. Wengi hutumia pesa zilezile, ila hupiga risasi nyingi zaidi. Aliyeingia kwa ajili ya kubana matumizi tu huwa wa kwanza kushawishika kutumia ganda lililochoka, na huyo namhofia kidogo.

Nianze na mashine gani?

Ile ya hatua moja: unavuta mkono, kitendo kimoja kinafanyika kwa ganda moja. Ni ya polepole, na upole huo ndio unaoununua. Mashine za mfululizo, zinazotoa risasi kamili kila unapovuta mkono, hufanya mambo manne au matano kwa wakati mmoja, na anayeanza hana macho manne. Mwaka mmoja wa mashine ya hatua moja utakufundisha mkono unavyohisi ganda likipita vizuri na unavyohisi likikataa.

Zaidi ya mashine na kalibu zake, usianze bila mizani ya kupimia baruti pamoja na mawe yake ya kuihakiki, kalipa ya kupima urefu, ubao wenye matundu wa kusimamishia maganda, nyundo ya kung'olea vichwa, miwani ya kinga, na vitabu viwili vya vipimo, si kimoja. Tochi utaiona baadaye.

Rafiki yangu ana kipimo kizuri sana. Kwa nini nisikitumie?

Kwa sababu kipimo chake ni cha bunduki yake, chemba yake (sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), ganda lake, kichwa chake na toleo lake la baruti. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo na shinikizo la gesi ndani ya chemba linabadilika, wakati mwingine sana. Tena rafiki huyo anakutajia tarakimu kutoka kichwani.

Shinikizo si maneno ya kutisha watoto. Kwa viwango vya SAAMI, shirika la viwango la watengenezaji wa Marekani, risasi ya 9mm Luger ina kikomo cha pauni 35,000 kwa inchi mraba; .308 Winchester inafika 62,000; .45 Auto, pamoja na ukubwa wake wote, ina 21,000 tu. Ona kwamba huwezi kukisia kwa kutazama. Nambari hizo hutoka kwenye mitutu ya maabara yenye vihisio, na ndiyo maana kazi ya kutafuta kikomo tunamwachia mwenye maabara.

Fungua kitabu, tafuta kaliba yako (aina ya risasi ya bunduki yako, kama 9mm Luger), uzito na aina ileile ya kichwa, baruti ileile kwa jina lake kamili. Jina kamili nalirudia: H4350 na IMR 4350 zinafanana nambari lakini ni baruti mbili tofauti, na kipimo cha moja hakihamishiki kwenda kwa nyingine. Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa. Kitabu kikitoa kile cha juu peke yake, desturi ni kukipunguza kwa asilimia 10 kisha kupanda kidogo kidogo, risasi chache kwa kila hatua. Linganisha na kitabu cha pili. Vikitofautiana sana, anzia kwenye kile cha chini zaidi.

Wala usishuke chini ya kipimo cha chini ukidhani ndiyo usalama zaidi. Kupunguza mno baruti inayoungua polepole kwenye ganda kubwa la raifoli kumewahi kupasua bunduki, na kipimo hafifu kwenye bastola kinaweza kukiacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu.

Greni ni nini? Ni sawa na gramu?

Si sawa hata kidogo. Gramu moja ni greni 15.43 hivi, pauni moja ni greni 7,000. Vitabu vya vipimo huandika greni, na mizani nyingi za kidijitali zina kitufe kidogo cha kubadili kizio ambacho kidole hukigusa bila mwenyewe kujua. Kila unapoiwasha, tazama kizio kabla ya kutazama tarakimu, kisha weka jiwe la kuhakiki. Mizani hizo pia hazipendi upepo wa feni, meza inayotikisika wala simu iliyolala karibu, na hutaka kuwashwa mapema zipate kutulia.

Kosa gani ndilo baya kuliko yote?

Baruti maradufu: umetia kipimo kwenye ganda, umeitwa mlangoni, umerudi, umetia tena.

Kwenye raifoli nyingi kosa hili hujitangaza lenyewe, kwa sababu kipimo cha kawaida hujaza ganda karibu hadi shingoni na cha pili kitamwagika. Bastola haikutangazii. Baruti zake huungua haraka na huhitajika kidogo tu, kwa hiyo ganda hubaki na nafasi kubwa tupu. Mfano mbaya zaidi ni .38 Special, iliyotoka mwaka 1898: ganda lake refu lina urithi wa zama za baruti nyeusi, na ukilijaza kwa baruti ya kisasa iendayo kasi, vipimo viwili vinaingia na kichwa kinakaa juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nje haina tofauti yoyote na nzuri. Hata mizani ya kupimia risasi nzima haiaminiki kuikamata, maana tofauti za uzito wa maganda na vichwa huweza kuimeza tofauti ya baruti.

Dawa yake ni kupanga kazi ili jicho liione baruti. Fanya hivi: maganda yote yasiyo na baruti yasimame kwenye ubao mdomo chini. Chukua moja, tia baruti, lisimamishe kwenye ubao wa pili mdomo juu. Ganda lililo mdomo chini haliwezi kuwa na baruti. Lililo mdomo juu tayari limejazwa. Ukiitwa mlangoni, ukirudi meza yenyewe inakuambia ulifika wapi. Ubao ukijaa, washa tochi, mulika safu kwa safu kabla ya kukalisha kichwa hata kimoja. Jicho hulitambua upesi ganda lililo juu au chini ya wenzake, na litakamata pia lile tupu, ambalo ni ndugu wa kosa hilihili. Likikutia shaka, limwage upime upya. Usibishane nalo.

Jambo la pili: unapochagua baruti ya bastola, tafuta kwenye kitabu ile ambayo kipimo chake kinapita nusu ya ganda. Ukikosea, itafurika, utaiona. Wauzaji husifu baruti inayotumika kidogo kwa kuwa kopo linadumu. Kwa anayeanza huo ni uchumi wa hatari.

La tatu ni simu. Iache chumba kingine. Redio naivumilia, televisheni hapana, kileo hapana kabisa. Na ukichoka, funga.

Nijuaje ganda limechoka?

Lioshe kwanza, maana uchafu huficha nyufa. Tazama mdomo na shingo: ufa wowote, tupa. Kisha angalia juu kidogo ya kitako. Mstari unaong'aa ukizunguka ganda hapo ni dalili kwamba ukuta umekonda kwa ndani, na siku moja ganda litakatika vipande viwili ndani ya chemba. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake, uupitishe ndani ya ganda ukikwaruza ukuta kutoka chini kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda limekwisha.

Fataki ikiingia kwa ulegevu, yaani mkono hausikii upinzani, tundu limetanuka. Tupa pia. Maganda ya raifoli hurefuka kwa matumizi. Yapime kwa kalipa na uyapunguze yakizidi urefu wa juu wa kitabu, kwa sababu mdomo mrefu hubanwa na chemba, kichwa kinashikiliwa, na shinikizo linapanda bila wewe kuongeza chembe ya baruti.

Usisafishe shaba kwa dawa yenye amonia. Hili lina historia: jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda yake yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na ikaja kubainika kwamba yalikuwa yakihifadhiwa kwenye mazizi, ambako mkojo wa farasi hutoa amonia.

Fataki yangu ya zamani haitoki na sindano ya kalibu inayoisukuma nje imepinda. Kwa nini?

Mulika ndani ya ganda. Ukiona tundu moja katikati, ni la Boxer, na litang'oka kwa kalibu ya kawaida. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni la Berdan: sindano inagonga shaba isiyo na njia. Kwa kejeli ya historia, Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani ndio walioshikilia mfumo wa Boxer huku Ulaya ikitumia sana wa Berdan. Aliyeanza juzi, ya Berdan ayaweke kando.

Fataki ni hatari kiasi gani?

Kuliko baruti, kwa maoni yangu, ukizitendea vibaya. Baruti ya kisasa ikiwashwa mahali pa wazi huungua kwa nguvu. Fataki hulipuka, na moja inaweza kuwasha jirani zake. Ziache ndani ya vifungashio vyake, ambavyo vimeundwa kuzitenganisha. Kuzimimina kwenye chupa ya kioo ili zipendeze mezani ni kujitengenezea bomu. Miwani ivaliwe kila unapozikalisha. Sukuma taratibu mpaka usikie imefika chini. Ikikataa, usiigonge wala kuilazimisha, tafuta sababu. Maganda mengi ya kijeshi, kwa mfano, yana ukingo uliobanwa kuzunguka tundu, na ni lazima uondolewe kwanza.

Ikishakaa, pitisha kidole juu ya kitako. Fataki inapaswa kuwa chini ya uso kidogo sana. Iliyochomoza inaweza, kwenye bunduki inayojipakia yenyewe, kuwashwa na bolti inapojifunga, kabla hujagusa kifyatulio.

Kichwa kikiingia ndani zaidi kidogo kuna shida?

Kwenye ganda dogo kama la 9mm, shida kubwa. Nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linaruka. Fuata urefu wa jumla ulioandikwa kitabuni, upime risasi kadhaa katika kila kundi, kisha ibane moja kwa kidole gumba dhidi ya ukingo wa meza na uipime tena. Ikifupika, shingo haishiki. Kabla ya yote hayo, tengeneza risasi ya mfano isiyo na fataki wala baruti uone kama inaingia vizuri kwenye chemba na magazini.

Wenye bunduki za magazini ya mrija chini ya mtutu, jihadharini na vichwa vyenye ncha kali. Mle ndani ncha ya risasi ya nyuma inagusa fataki ya iliyo mbele yake, na mtikiso wa mlio unatosha. Tumieni vichwa bapa, au vile vilivyotengenezwa mahususi kwa bunduki hizo.

Dalili za shinikizo kuzidi ni zipi?

Bolti inakuwa ngumu kufunguka. Fataki imelala bapa hadi pembe zake za mviringo zimepotea, au imetoboka. Kitako cha ganda kina alama ya kung'aa ya kitoa-ganda. Ukiona mojawapo, acha kupiga, na risasi zilizobaki za kundi hilo zivunje. Ila usigeuze dalili hizi kuwa mizani yako: kwenye bastola nyingi huonekana wakati umeshavuka mpaka zamani, au hazionekani kabisa. Kumbuka pia joto. Kipimo kilichofika ukingoni asubuhi ya baridi kinaweza kuvuka jua likiwa kali au boksi likisahaulika garini.

Risasi imetoa mlio mdogo wa ajabu, kama "pufu". Nipige inayofuata?

Hapana. Toa kidole, elekeza mtutu mahali salama, ondoa risasi zote, kisha tazama mtutu kutokea upande wa chemba au pitisha fimbo. Yamkini ganda halikuwa na baruti na fataki peke yake imekisukuma kichwa hadi katikati. Risasi inayofuata itakikuta hapo, na mtutu utavimba au utapasuka. Mimi lilinikuta mara moja, na kilichoniokoa ni jirani wa kwenye uwanja wa shabaha aliyepiga kelele "acha!" kabla akili yangu haijafika. Kwenye mazoezi ya kupiga haraka, mkono huvuta tena wenyewe. Ndiyo sababu makundi ya kwanza ya risasi zako yapige moja moja, ukisikiliza.

Kama haikulia kabisa, shikilia mtutu palepale panapoelekea shabaha kwa sekunde 60 kabla ya kufungua. Wakati mwingine fataki huchelewa.

Baruti na fataki nizihifadhi wapi?

Baridi, pakavu, mbali na moto na cheche, kila kimoja mbali na kingine, na mahali mtoto hafiki. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili lenye jina lake. Usiifungie kwenye sefu ya chuma isiyopumua: moto ukitokea, kuta nene ndizo zitakazogeuza kinachoungua kuwa kinacholipuka. Kabati la mbao, linaloachia upesi, ni bora.

Mezani liwepo kopo moja tu la baruti. Ukimaliza, irudishe koponi siku ileile; iliyolala usiku kwenye kipimio, kesho huna hakika nayo. Isiyo na jina hairudi popote, hata kama rangi na umbo vinafanana na ile unayoijua, maana baruti nyingi zinafanana. Iliyomwagika sakafuni ifagie kwa brashi. Usiivute kwa mashine ya kufyonzea vumbi, ina mota na cheche. Ukifungua kopo ukasikia harufu chungu ya asidi au kuona vumbi la rangi ya kutu, imeoza na inaweza kujiwasha yenyewe. Iondoe nyumbani kwa utaratibu aliouandika mtengenezaji.

Je, baruti nyeusi na hii ya kisasa zinabadilishana?

Kamwe. Bunduki iliyoundwa kwa baruti nyeusi haihimili shinikizo la ya kisasa. Nyeusi nayo huwashwa na cheche ndogo mno, na ina kanuni zake za kuhifadhi ambazo makala haya hayazigusi.

Kuna sumu?

Ipo, na lugha yetu yenyewe inatukumbusha: risasi ni jina la kinachotoka mtutuni na ni jina la madini. Madini hayo yamo kwenye vichwa vingi na kwenye dawa ya fataki nyingi, kwa hiyo masizi ya ndani ya ganda na vumbi la mashine ya kung'arishia vyote vinayo. Usile, usinywe wala kuvuta sigara mezani. Nawa kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kumbeba mtoto. Vumbi la kung'arishia lipepete nje, au safisha maganda kwa maji. Na daktari wako aambiwe unachofanya; kipimo cha damu kitaonyesha ulivyo.

Nipige risasi alizojaza mwenzangu?

Mimi sipigi, hata za ndugu. Na zangu simpi mtu.

Nimekuta boksi langu halina karatasi na sikumbuki nilichoweka.

Zivunje zote. Vaa miwani, tumia nyundo ya kung'olea vichwa, moja moja. Vichwa na maganda utayatumia tena, baruti usiitumie. Kuanzia sasa kila boksi liwe na karatasi ndani: kaliba, kichwa na uzito wake, jina kamili la baruti na kipimo, fataki, toleo, tarehe. Kaliba iandike hata pale inapoonekana wazi. Ganda la .300 Blackout hutengenezwa kwa kukata la .223, na risasi yake huweza kuingia kwenye bunduki ya .223 kisha kuipasua. Wenye bunduki zote mbili hawaweki maboksi yake kwenye begi moja.